Jinsi ya Kumiliki Mbingu Ukiwa Karagwe (na Kyerwa Pia Mnaruhusiwa)

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Karagwe au Kyerwa aliyekwisha kupata vitu vyote vya heshima. Nyumba ya bati la rangi anayo. Kahawa anayo, migomba inaanzia mlangoni, mtoto yuko chuo kikuu, na vijana wawili wa bodaboda wanamletea hesabu kila jioni. Kinachomsumbua ni pale sebuleni juu ya kabati la vyombo, ambapo kila jirani kuanzia Kayanga hadi Nkwenda ameweka maua ya plastiki. Yeye aweke nini ili mgeni ajue ameingia nyumba ya mtu?

Aweke tufe la nyota.

Sizungumzii lile tufe la darasani lenye bahari za buluu na Afrika iliyokwanguliwa kwa vidole vya wanafunzi. Hilo ni tufe la dunia, kila shule yenye bahati inalo. Tufe la nyota ni mpira uliochorwa mbingu: Kilimia, Nge, Msalaba wa Kusini na wenzao, kila nyota mahali pake. Wafalme, makabaila na wafanyabiashara wakubwa wameviweka vitu hivi majumbani mwao karne kwa karne, na sijasikia hata mmoja wao aliyetakiwa kueleza vinamsaidia nini. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha kununua.

Elewa kwanza unachonunua

Mgeni wa kwanza atakayeliona atasema, "Kumbe mzee umenunua dunia!" Usimkasirikie. Kosa hilo ni la siku nyingi na limewapata hata wasomi. Kule Naples, Italia, kuna sanamu ya marumaru ya karne ya 2, mzee Atlas amepiga goti na kujitwika mpira mabegani. Wengi wanaoiona humwonea huruma kwa kubebeshwa dunia. Alichobebeshwa ni mbingu. Ndiyo adhabu yake katika hadithi za Wagiriki. Mpira ule ni kati ya matufe ya mbingu ya kale kabisa yaliyobaki duniani. Mchongaji alichonga fahali, simba, nge na merikebu kwa ufundi mkubwa, kisha hakuweka nyota hata moja. Kazi ikapokelewa hivyo hivyo, malipo bila shaka yakatoka.

Tazama pia sehemu ya chini ya mpira ule, kuizunguka ncha ya kusini. Pale hapakuchongwa kitu. Wagiriki na Warumi waliokuwa wakikaa kaskazini hawakuweza kuiona sehemu hiyo ya anga, kwa hiyo waliiacha tupu. Paweke akilini hapo patupu, tutapahitaji mbele.

Chagua: la shaba au la karatasi

Mwenye fedha atataka la shaba. Katika jumba la makumbusho la Florence lipo moja lililotengenezwa Valencia, katika Hispania ya Waislamu, mwaka 1085, na Ibrahim ibn Said al-Sahli akisaidiana na mwanawe Muhammad. Njia ya kawaida ilikuwa kufua nusu mbili na kuziunga. Mafundi wa Lahore, Pakistani ya leo, waliona kuunga ni ushamba. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 16 walimimina tufe zima, tupu ndani, lisilo na kiungo. Unafinyanga kiini cha udongo. Unakivika nta kwa unene wa ganda unalolitaka. Unaivika nta hiyo udongo mwingine, unachoma, nta inayeyuka na kutoka, na shaba ya moto inaingia ilipokuwa nta. Kiini kinatolewa vipande vipande kwa tundu, tundu linazibwa na kusuguliwa hadi jicho lisilione. Nyota zikawekwa kwa vipini vidogo vya fedha, mfalme akakabidhiwa mbingu yake.

Usidhani nakudhihaki ninapokuambia kazi hii ingewezekana Karagwe. Nta ya nyuki tunayo, udongo tunao, na uhunzi hapa haukuletwa na mkandarasi. Mvumbuzi Stanley alipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina za mfalme, akaandika habari za bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Ng'ombe wa chuma wa Karagwe nao wanajulikana na wataalamu wa makumbusho hadi leo. Watu waliomfua ng'ombe na pembe zake wasingeshindwa na mpira. Shida ni kwamba leo ukipeleka wazo hili kwa fundi wa mageti pale Omurushaka, atakuomba picha kwenye simu na malipo ya awali, na siku ya kuchukua utakuta ameongeza maua ya chuma pembeni kwa sababu aliona patupu.

Asiye na fedha atatumia karatasi, na asione haya. Ulaya ilifanya hivyo tangu karne ya 16; Gerardus Mercator, yule wa ramani, alitoa tufe lake la nyota mwaka 1551, la karatasi iliyochapwa na kubandikwa. Chukua mpira wa kipenyo cha sentimita 30. Kata vipande 12 vyenye umbo la ganda la chungwa lililochanwa, kila kimoja kirefu sentimita 47 na kipana karibu sentimita 8 katikati, kikichongoka ncha zote mbili. Chora nyota kabla ya kubandika. Gundi ya unga wa muhogo inatosha. Karatasi ngumu inayopatikana bure ni mabango ya kampeni, ila hakikisha uso wa mgombea umeelekea ndani, usije siku moja ukajitokeza katikati ya Kilimia akiomba kura.

Nyota zenyewe utazipata wapi? Fanya walivyofanya wakubwa: nakili. Ptolemy wa Aleksandria aliandika orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika karne ya 2. Kwa kuwa mhimili wa dunia unayumba polepole, nyota zote huonekana kusogea digrii 1 kila baada ya miaka 72 hivi, na orodha huchakaa. Abd al-Rahman al-Sufi, mwana nyota wa Uajemi aliyeandika kitabu chake mwaka 964, aliichukua orodha ile na kuongeza digrii 12 na dakika 42 kwenye longitudo ya kila nyota, basi. Ofisi zetu nazo huhuisha mpango mkakati kwa kubadili mwaka kwenye jalada, lakini al-Sufi alikuwa na sababu ya kisayansi, na mwangaza wa nyota zile aliutazama upya kwa macho yake mwenyewe. Mafundi wa matufe walimfuata yeye kwa karne nyingi.

Usishangae nyota kukaa kinyume

Siku ya kwanza utatoka nje na tufe lako, utalinganisha na anga, na utakuta kushoto kumekuwa kulia. Usirudishe dukani. Tufe linakuonyesha nyota kama zinavyoonekana na mtu aliyesimama nje ya mbingu, mahali ambapo hakuna mtu wa Kyerwa aliyewahi kufika, hata wale wenye ndugu Dar es Salaam. Sisi tuko ndani. Tiba ni kuingiza kichwa katikati ya mpira.

Kuna aliyefanya hivyo. Mtawala mmoja wa Gottorf, kaskazini ya Ujerumani, alijengewa kati ya 1650 na 1664 tufe lenye kipenyo cha mita 3.1. Nje lilikuwa dunia, ndani mbingu. Wageni waliingia kwa kijimlango, wakakaa kwenye benchi kuizunguka meza, na tufe likazungushwa kwa nguvu ya maji huku nyota zikipita juu ya vichwa vyao. Baadaye likapewa Peter Mkuu wa Urusi, na sasa liko Saint Petersburg. Ni jambo la kupendeza sana: kujenga chumba, kukifunga gizani, kuwaingiza watu, ili waone kilichokuwa juu ya paa. Mwenyeji wa Murongo hupata huduma hiyo umeme unapokatika.

Sasa lilaze

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na hapa nitakaa kidogo.

Tufe la nyota huja na kishikio chenye mhimili, na ili lionyeshe anga la kwako, ncha ya mhimili huinuliwa juu ya upeo kwa kiasi kile kile cha latitudo ya mahali ulipo. Amsterdam ni digrii 52, kwa hiyo mhimili unasimama kwa mshazari wa kupendeza. Lahore ni karibu digrii 31 na nusu. Picha zote unazoziona za matufe haya zina mshazari huo, nasi tumeuzoea hadi tunadhani ndivyo mbingu ilivyoumbwa.

Kayanga iko kama digrii 1 na nusu kusini ya ikweta. Kwa maana hiyo, ukilipanga tufe lako kwa haki, mhimili unalala karibu chini kabisa, ncha moja imegusa upeo wa kaskazini na nyingine imegusa upeo wa kusini. Linaonekana kama limeanguka. Kila atakayepita atalisimamisha. Mama wa nyumba atalisimamisha akifuta vumbi, mwalimu mkuu atalisimamisha kabla ya ukaguzi, mjukuu atalisimamisha kwa huruma tu. Wewe lilaze tena.

Ukishalilaza, lizungushe taratibu utazame linafanya nini. Kila nyota inachomoza ikipanda wima na kutua ikishuka wima. Kila moja inakaa juu ya upeo karibu saa 12, kwa usawa ambao hakuna kamati ya kugawa mbolea ya ruzuku iliyowahi kuufikia. Zaidi ya yote, karibu kila nyota ya mbingu nzima inapita mbele ya macho yako ndani ya mwaka. Mtu wa Amsterdam ana sehemu kubwa ya kusini ambayo hataiona maisha yake yote akikaa kwao. Wewe unayoikosa ni ukanda mwembamba tu kwenye ncha. Nyota ya Kaskazini, kwa mfano, iko chini kidogo ya upeo wetu, na sijakutana na mtu Karagwe aliyeomboleza.

Anayetaka ushahidi asubiri mwisho wa Mei masika yakiaga, atoke nje saa tatu usiku. Ageukie kusini: Msalaba huo, umesimama kama digrii 30 juu ya upeo. Ageuke nyuma: kaskazini, kwa kimo kile kile karibu, ziko nyota saba kubwa za Dubu ambazo Wazungu huziona usiku wowote. Alama kuu ya kusini na alama kuu ya kaskazini zinatazamana, na wewe uko katikati na kikombe cha chai. Wafalme walilipa fedha nyingi ili mafundi waziweke zote mbili kwenye shaba.

Onyo dogo kuhusu saa. Karagwe iko longitudo 31 mashariki, lakini saa zetu zinafuata longitudo 45, ambayo iko nje kabisa ya Tanzania upande wa mashariki. Jua kwetu linachelewa kwa karibu saa nzima. Kwa hiyo ukilipanga tufe kwa saa ya ukutani, punguza dakika 56. Kuchelewa huku ni kwa kijiografia, na ningeshauri mjumbe wa kijiji asikutumie kama utetezi wa mkutano wa saa nne ulioanza saa saba.

Jaza sehemu tupu

Sasa turudi pale patupu kwenye mpira wa Atlas. Palikaa patupu kwa zaidi ya miaka 1,000, si kwa sababu hapakuwa na nyota, ila kwa sababu watengeneza matufe hawakuwa wamefika mahali pa kuziona. Mtu wa Karagwe aliyekuwa akilinda ng'ombe usiku aliziona kila alipoinua kichwa. Hakuna aliyemwuliza.

Mwaka 1595 meli za Waholanzi zilipoondoka kutafuta viungo mashariki, mchungaji mmoja wa Amsterdam, Petrus Plancius, ambaye pia alikuwa mchora ramani, alimwagiza rubani Pieter Keyser apime nyota za kusini njiani. Keyser alipima, hasa walipotia nanga Madagaska kwa miezi kadhaa, kisha akafariki huko Java mwaka 1596. Vipimo vikarudi Uholanzi, na ndani ya muda mfupi makundi mapya 12 yakatokea kwenye tufe la Plancius. Kinyonga yumo, na nzi yuko mbele yake. Tausi yumo. Korongo yumo, na kwetu hupanda hadi nusu ya anga upande wa kusini. Mwenzake Keyser, Frederick de Houtman, alichapisha orodha yake ya nyota mwaka 1603 ndani ya kamusi ya Kimalei na Kimalagasi. Nakupa hiyo ili usidharau viambatisho.

Wa kusikitikiwa ni twiga. Plancius alimpandisha mbinguni kwenye tufe lake la mwaka 1612, na alipomtafutia mahali, akamweka karibu na ncha ya kaskazini! Mnyama wetu wa taifa analishwa juu ya paa za Amsterdam usiku wote, mwaka mzima, nasi wenye naye tunamwona akichungulia chini kaskazini mwanzoni mwa mwaka, amefifia, kama anga ni safi na jirani hajachoma majani.

Kisha akaja Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille, akakaa Rasi ya Tumaini Jema kuanzia 1751, akapima karibu nyota 10,000. Kazi ya kuheshimika. Majina aliyotoa ndiyo yanayonishinda: darubini, hadubini, saa ya ukutani, bikari, patasi, tanuru, pampu ya hewa. Anga la kusini likageuka stoo ya karakana. Mwaka 1922 Muungano wa Kimataifa wa Astronomia ukafunga daftari kwa makundi 88, na pampu ya hewa imo mpaka leo. Senene hayumo. Lubisi haimo. Ng'ombe wa chuma hayumo.

Tanzania ilipewa nafasi mwaka 2019, kila nchi iliporuhusiwa kubatiza nyota moja na sayari yake. Nyota yetu inaitwa Mpingo, sayari inaitwa Tanzanite, ziko katika kundi la Nyangumi. Ichore kwenye tufe lako kwa wino mwekundu, na mgeni akitaka kuonyeshwa angani mpe chai kwanza, maana haionekani kwa macho matupu.

Jiandae kwa maswali

Mgeni akishamaliza kushangaa atauliza maswali, na hapa Karagwe ina sifa ya kuuliza. John Hanning Speke na James Grant walifika Bweranyange kwa Rumanyika Novemba 1861. Speke alikuja na sekstanti, akapima nyota ili ajue latitudo yake na London wajue alipo. Bweranyange walijua walipo bila hesabu. Ziwa lililokuwa chini ya kilima, ambalo lilikuwa na wenyewe na jina lake, wageni wakalibandika jina la Windermere, ziwa la kwao Uingereza. Ndiyo kanuni ile ile iliyompeleka twiga kaskazini.

Omukama naye akauliza yake, na Speke akayaandika katika kitabu alichochapisha mwaka 1863. Je, jua la leo ndilo la jana, au kila siku linakuja jipya? Na mwezi, unabadili sura ili kutucheka sisi wanadamu?

Chukua tufe lako la thamani utafute jibu. Jua halimo. Mwezi haumo. Zuhura na Mshtarii hawamo. Tufe la nyota huchorwa vitu visivyohama peke yake. Kila kinachotembea huachwa nje, kwa sababu kesho kingekuwa kimehama na fundi ameshalipwa. Rumanyika aliulizia vile viwili tu vilivyotawala maisha ya watu wake. Mwezi mpya ulipoandama, ngoma 35 zilipangwa kwenye boma lake na watu wakakusanyika. Angeletewa tufe la Lahore lenye vipini vya fedha, nadhani angeliweka pamoja na bata wa shaba na kuendelea kusubiri mwezi.

Epuka uzinduzi

Ukipata tufe, usilizindue. Louis wa 14 wa Ufaransa alitengenezewa na Vincenzo Coronelli, kati ya 1681 na 1683, matufe mawili ya karibu mita 4, la dunia na la mbingu, kila moja likiwa na uzito wa tani 2 hivi. Lile la mbingu linaonyesha nyota zilivyokuwa siku mfalme alipozaliwa, Septemba 1638. Kujipendekeza hakukuanzia kwetu. Kwa miaka mingi matufe yale yalikaa ndani ya masanduku, kwa kuwa hayakupata chumba cha kuyatosha. Mtu yeyote aliyewahi kufungua stoo ya shule na kukuta vifaa vya maabara vya msaada bado vina nailoni anaelewa.

Tena uzinduzi wa tufe la nyota hufanyika mchana. Mgeni rasmi atachelewa, risala itasomwa, utepe utakatwa saa nane jua likiwa kali, posho itagawanywa, na saa moja jioni nyota ya kwanza inapotokea, magari yote yatakuwa yamekwisha kupita Kyaka.

Kwa hiyo nawaomba maafisa ununuzi wa wilaya hizi mbili. Fungu la vifaa vya kufundishia likija, na mkaona mnunulie shule tufe la nyota, andikeni katika zabuni sharti moja: kishikio kiweze kushuka hadi digrii 1 na nusu. Likiletwa la kusimama tu, lirudisheni kwa mzabuni siku hiyo hiyo. Hiyo ni mbingu ya Amsterdam, na sisi hatukuiagiza.